Boti za kasi Naivasha na Baringo: Bei ya dukani si bei ya ziwani

MWISHONI mwa mwaka 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia kwa mara nyingine katika mtaa wa Kihoto na kuwafurusha maelfu ya wakazi, boti ambazo kwa kawaida huwapeleka watalii kutazama viboko ndizo zilizoitwa kuwahamisha watu na virago vyao. Magodoro, mitungi ya gesi na watoto wa shule vilipakiwa katika vyombo ambavyo siku chache kabla vilikuwa vikibeba wageni wenye kamera.

Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo kwa miaka mingi lilichukuliwa kuwa shauri la wenye hoteli na matajiri wa mashamba ya maua pekee. Uamuzi wa mtu mmoja kununua boti fulani kwa bei fulani hauishii mfukoni mwake. Ipo siku chombo hicho kitabeba watu ambao hawakuulizwa wakati wa kukinunua, na ubora wake au ubovu wake utakuwa juu yao.

Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu mwaka 2010 hivi. Mwaka 2020 Kihoto ilifurika, na kule Baringo maji yakameza barabara, nyumba, zahanati na hoteli za ufuoni. Wenyeji wa Kampi ya Samaki na wa kisiwa cha Kokwa, ambao tangu hapo walitegemea boti, walijikuta wakizihitaji hata kwa safari ambazo zamani zilifanywa kwa miguu au kwa bodaboda. Kwa hivyo soko la boti katika eneo hili limepanuka bila mtu yeyote kulipangia mpango, na wauzaji kutoka Mombasa, Nairobi na kwingineko wamelifuata.

Jiji la Nakuru lenyewe, lililopewa hadhi hiyo Desemba 2021, liko kando ya ziwa la magadi lililo ndani ya mbuga ya wanyama, ambako boti za starehe hazina nafasi. Hata hivyo, Naivasha imo katika kaunti hiyo, na ni katika ofisi za Nakuru ambako zabuni za kaunti hutangazwa na hundi kutiwa saini. Umbali huo kati ya meza ya ununuzi na maji yenyewe ni sehemu ya tatizo.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, boti mbili zenye urefu wa futi 21, zote za faiba, zote zikiwa na rangi inayong'aa na injini ya nguvu za farasi 40 iliyofungwa nyuma, huonekana kama pacha. Moja ikiuzwa kwa nusu ya bei ya nyingine, ni vigumu kumlaumu anayechagua ile nafuu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya boti msemo huo hauna budi kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa kibaya hujitembeza kikiwa kimepakwa rangi mpya, na kasoro zake zote ziko mahali ambapo jicho halifiki.

Kasoro ya kwanza haimo katika boti hata kidogo, bali katika hewa. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Hesabu ni rahisi. Injini iliyoandikwa nguvu 40, iliyojaribiwa mbele ya mnunuzi katika maji ya Mtwapa au Kilindini na kuruka kama samaki, ikifika Naivasha hubaki na nguvu 32 au 33 tu. Baringo, iliyo karibu mita 1,000, hupunguza asilimia 10 hivi. Ziwa Victoria liko mita 1,134, kwa hivyo hata mvuvi wa Kisumu anayesifia injini yake hamwambii ndugu yake wa Karagita ukweli wote.

Upungufu huo si wa kasi pekee. Injini ya kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huendelea kumimina petroli ile ile huku hewa ikiwa imepungua. Moshi mweusi hutoka, plagi huziba kwa masizi, mafuta huteketea bure. Propela, au rafadha kama waitavyo mabaharia, ikiwa ni ile ile iliyochaguliwa kwa usawa wa bahari, huwa mzigo mzito kwa injini iliyopungukiwa pumzi. Injini hushindwa kufikia mizunguko yake ya kawaida, boti iliyojaa abiria hukataa kuinuka juu ya maji, na dereva, akidhani dawa ni kuongeza moto, huishi akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Baada ya msimu mmoja au miwili injini hiyo hupelekwa kwa fundi, na lawama huangukia chapa.

Tiba yake si ghali. Fundi hubadilisha matundu ya kabureta kwa madogo zaidi na kufunga propela yenye mkunjo mdogo. Injini za kisasa zinazopuliza mafuta kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe upande wa mchanganyiko, ingawa nguvu iliyopotea haiwezi kurudi na propela bado inahitaji kuchaguliwa upya. Muuzaji bora ni yule anayemwuliza mteja boti itaelea wapi kabla ya kutaja bei. Muuzaji asiyeuliza huenda si mlaghai, lakini anauza sanduku, hauzi huduma. Tofauti ya bei kati ya wawili hao mara nyingi ndiyo bei ya swali hilo moja.

Baada ya hewa ni mwili wa boti wenyewe. Faiba ni nyuzi za kioo zilizolowekwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Idadi ya tabaka, uangalifu wa kutoa mapovu ya hewa na muda wa kukausha ndivyo vinavyoamua kama boti itadumu miaka 20 au mitatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana rangi ikishapakwa. Mtengenezaji anayetaka kupunguza bei hupunguza tabaka. Anaweza pia kuweka mbao za kawaida mahali pa mbao zisizopenyeza maji, hasa katika ubao wa tezi, yaani sehemu ya nyuma inayobeba injini. Maji yakishapenya kupitia matundu ya misumari, ubao huo huoza ndani kwa ndani huku faiba ya nje ikimetameta. Siku injini inapofunguliwa moto ziwa likiwa limechafuka, tezi hupasuka.

Mafundi wenye uzoefu wana njia zao za kupima, na hazihitaji mtambo. Hugonga mwili wa boti kwa mpini wa nyundo na kusikiliza: mlio mkavu ni dalili njema, mlio wa kuvimba kama wa tikiti bovu ni dalili ya maji au utupu. Husimama juu ya sakafu na kuruka kidogo. Huinua na kushusha injini kwa mkono na kutazama kama ubao wa tezi unacheza. Boti kuukuu iliyo nzito kuliko ilivyoandikwa imekunywa maji, na maji hayo hayatoki.

Jambo jingine ni povu la kuelea linalojazwa chini ya sakafu, ambalo hufanya boti iendelee kuelea hata ikijaa maji. Povu hilo ni gharama, na kwa kuwa limefichwa, ndilo la kwanza kuachwa. Boti zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya hubandikwa kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito wa juu kabisa na herufi ya daraja. Daraja la C ni la maji ya karibu na pwani na maziwa makubwa, yenye mawimbi ya hadi mita 2 na upepo wa hadi kiwango cha 6. Daraja la D ni la maji matulivu, mawimbi ya kawaida yakiwa ya sentimita 30 tu. Yeyote aliyewahi kuvuka Naivasha alasiri, upepo unapoamka na ziwa lililokuwa kioo asubuhi kuanza kutoa povu jeupe, anajua kwamba daraja la D halimfai. Lakini boti za daraja hilo huagizwa kutoka ng'ambo kwa kuwa ndizo nyepesi, ndizo nafuu, na picha zake hupendeza.

Kwa injini kuukuu, hali ni ngumu zaidi. Nyingi huja zikiwa zimefanya kazi baharini. Chumvi hujikusanya katika mifereji ya kupozea, na rangi mpya ya nje haiifikii. Kipimo cha msukumo ndani ya silinda hugharimu kidogo sana, na silinda zote zinapaswa kukaribiana. Ikipita tofauti ya asilimia 10, mnunuzi ana haki ya kusitasita. Kuna pia suala la asili ya injini. Wizi wa injini za boti ni donda la miaka mingi katika Ziwa Victoria, na injini iliyofutwa nambari inaweza kusafiri kutoka fuo za Nyanza hadi Naivasha kwa usiku mmoja katika gari la mizigo. Bei ya chini mno isiyo na stakabadhi za forodha wala risiti ya mmiliki wa awali si nafuu. Ni mwaliko wa polisi.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Gugumaji limeisumbua Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mikeka yake huhama na upepo, ikifunga njia ambayo asubuhi ilikuwa wazi. Mizizi hujisokota kwenye propela na kuziba tundu la kuvutia maji ya kupozea injini. Injini isiyo na king'ora cha joto huungua kimya kimya. King'ora hicho ni kitu kidogo, na ni miongoni mwa vitu vinavyotofautisha toleo la bei ya chini na la bei ya kati la injini ya chapa moja. Dereva aliyekwama katikati ya magugu, jua likizama na viboko wakitoka majini, hatakumbuka alichookoa dukani.

Haya yote hayana maana kwamba ghali ndiyo bora. Kosa la upande wa pili linaonekana Naivasha kila wikendi. Baadhi ya wanunuzi, wakivutiwa na picha za boti za mbio za Miami au Dubai, hulipa fedha nyingi kwa injini ya nguvu 150 au 200 na boti yenye omo iliyochongoka kama mshale. Kazi inayongoja boti hiyo ni kutambaa kando ya mafunjo ili wageni wawaone ndege na viboko, kazi inayohitaji utulivu, sakafu pana na injini isiyopiga kelele. Boti ya mbio ikiendeshwa polepole hunywa mafuta ovyo na kuyumba, na ikiendeshwa kwa kasi hukata nyavu za wavuvi na kuwafukuza ndege ambao mgeni alilipa kuwaona. Naivasha imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 1995. Injini za zamani zinazochanganya petroli na oili hutema hadi robo ya mafuta yake bila kuyachoma, na mafuta hayo huishia katika maji ambayo watu na mashamba huyatumia.

Pale Baringo kuna mfano unaofaa kuzingatiwa na kila mnunuzi. Wailchamus wamevua kwa karne nyingi wakitumia vyombo vidogo vilivyofungwa kwa vijiti vya ambachi, mti mwepesi unaoota majini. Havina kasi wala fahari, lakini vilibuniwa kwa ziwa hilo na kwa kazi hiyo. Na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga tisa waliokuwa wamezingirwa na maji huko Longicharo walihamishwa hadi ng'ambo kwa tishari bapa la chuma lililoelezwa juu ya mapipa matupu. Hakuna duka lililokuwa na chombo hicho. Walioihitaji kazi hiyo waliieleza kwanza, ndipo chombo kikatengenezwa.

Tatizo la wengi ni kwamba bei ya kununua huonekana siku moja, ilhali gharama ya kutumia hujigawa katika siku nyingi. Ikichukuliwa kwamba boti ya watalii hufanya kazi saa tatu kwa siku, siku 200 kwa mwaka, hizo ni saa 600. Injini ya kisasa ya mikondo minne ikiokoa lita nne tu kwa saa ikilinganishwa na ya kabureta, zitakuwa lita 2,400 kwa mwaka. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, ni Sh432,000. Katika miaka miwili au mitatu, injini iliyoonekana ya bei ya kuumiza inaweza kuwa imejilipia pengo lote. Kikundi cha vijana kilichonunua boti kwa mkopo, hata hivyo, hakina miaka mitatu ya kungoja. Kina marejesho ya mwisho wa mwezi. Kwa hao, shauri la kwamba wanunue kilicho bora ni shauri la mtu aliyeshiba, isipokuwa pale ambapo mwenye kukopesha atakubali kurefusha muda kwa chombo kitakachodumu.

Serikali za kaunti hazina kisingizio hicho. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inajulikana zaidi kwa kipengele cha kumpa zabuni mwenye bei ya chini kabisa iliyotathminiwa. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 86, inaruhusu pia kutumia gharama nzima ya kumiliki kitu, yaani mafuta, vipuri, matengenezo na maisha yake, kama kigezo cha ushindi. Kaunti inayonunua boti ya uokoaji au ya doria kwa kutazama tarakimu moja chini ya karatasi imechagua kufanya hivyo, haikulazimishwa. Maswali ya kuulizwa na madiwani wa Nakuru na Baringo ni machache: vipuri viko wapi, fundi aliyefunzwa yuko umbali gani, na boti ilijaribiwa katika ziwa gani.

Upande wa sheria, mnunuzi wa kawaida ana kinga kubwa kuliko anavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inatilia nguvu haki hiyo. Iliyo kongwe zaidi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayotaka kitu kifanye, naye akitegemea ujuzi wa muuzaji huyo, kitu hicho sharti kifae kwa kazi hiyo. Hapa pana mtego. Anayeagiza kwa kutaja jina la chapa pekee huweza kupoteza kinga hiyo, na aliyekagua boti hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Mstari mmoja katika barua ya kuagiza, kwamba boti itatumika Ziwa Naivasha, mita 1,890 juu ya bahari, ikiwa na abiria wanane na dereva, una thamani kuliko waranti yenye kurasa tano za maandishi madogo.

Taasisi za serikali nazo zina wajibu. KEBS huendesha tangu 2005 mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijaondoka nchi zinakotoka, na mamlaka ya KMA ndiyo inayokagua na kuvipa leseni vyombo vidogo, vikiwemo vya maziwani. Lakini mkaguzi huikuta boti ikiwa imekwisha nunuliwa. Kumkatalia leseni mtu aliyekwisha kuuza shamba ili aipate ni uamuzi mzito, na boti isiyo na leseni hutafuta kazi alfajiri, kabla ya mkaguzi kuamka.

Uokoaji wa fedha ulio mbaya kuliko wote ni ule wa jaketi za kuokolea maisha. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wanaokufa maji katika ajali za boti hawakuwa wamevaa jaketi. Hapa nyumbani jaketi huwapo, lakini nyingine ni mfuko wa kitambaa uliojazwa sifongo inayolewa maji. Jaketi ya mtu mzima kwa maji yaliyokingwa inapaswa kuandikwa angalau nyutoni 100, kiwango kinachokusudiwa kumgeuza aliyeanguka uso wake uwe juu. Isiyo na maandishi hayo haifai hata kwa picha. Ni vivyo hivyo kwa kamba fupi ya kuzimia injini, inayofungwa mkononi mwa dereva ili akitupwa majini propela isimame. Marekani iliifanya lazima kwa boti ndogo kuanzia Aprili 2021. Injini nyingi mpya huja nayo, na katika boti nyingi hubaki ikining'inia bila kufungwa.

Kwa anayejiandaa kununua kabla ya mvua zijazo, kuna sharti moja ambalo muuzaji wa kweli hulikubali: theluthi ya mwisho ya malipo isubiri hadi boti ijaribiwe Naivasha kwenyewe, au Baringo kwenyewe, saa tisa alasiri, upepo ukiwa umeamka, ikiwa na idadi kamili ya watu au magunia ya mchanga yenye uzito wao. Iinuke juu ya maji, injini ifikie mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake, na sakafu ikaguliwe boti ikishavutwa nchi kavu. Jaribio hilo huchukua chini ya saa mbili.